Hubiri ambalo lingesimama hata kama Yesu asingekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala usiokwisha miongoni mwa wahubiri wetu: je, hubiri la Jumapili limhusu Kristo aliyesulubiwa, au limsaidie muumini kujiamini, kupanga fedha zake, kufikia malengo yake na kuwa mtu bora kuliko alivyokuwa mwaka jana?

Sizungumzii mafuta, maji wala chumvi ya upako. Hayo yamesemwa sana tangu watu 20 walipokufa Moshi, Februari 1, 2020, wakikanyagana kuyakimbilia mafuta yaliyomwagwa chini. Ninazungumzia hubiri la heshima, lililoandaliwa vizuri, lenye pointi tatu na mifano ya kuvutia, ambalo ungeweza kulichukua lilivyo ukalitoa kwenye semina ya mawakala wa bima na hakuna ambaye angejua limetoka kanisani. Aya za Biblia zimo. Sala ya kufungua imo. Mhubiri hakatai kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi. Akiulizwa ataungama hivyo bila kusita. Ila hubiri lake halikihitaji kifo hicho. Lingesimama lilivyo hata kama Yesu angezeeka Nazareti na kufa kitandani.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza, nacho nimekitoa kwa Paulo: “Ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure” (Wagalatia 2:21). Kila hubiri liulizwe swali hilo kabla halijapanda mimbarini. Kama yote niliyoyaandika yanaweza kutekelezwa na mtu mwenye nidhamu, daftari na marafiki wazuri, basi nimempa ushauri, pengine ushauri mzuri, lakini Injili bado sijaihubiri.

Wanaotetea mahubiri ya kujiendeleza wana hoja, na si ya kupuuzwa. Watu wanakuja kanisani na ada za shule ambazo hazijalipwa, ndoa zinazoyumba, mikopo ya kausha damu, vijana wenye shahada wanaouza vocha. Utawaambiaje, Jumapili hadi Jumapili, habari za mtu aliyetundikwa mtini karibu miaka 2,000 iliyopita?

Paulo alikutana na mazingira hayo hayo Korintho. Mji ule ulikuwa umebomolewa na Warumi mwaka 146 KK, kisha Julius Caesar akaufufua kama koloni mwaka 44 KK, na wengi wa walowezi wake walikuwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa mji wa bandari, wa biashara, wa watu waliojitengenezea majina wao wenyewe. Karibu na ukumbi wa maonyesho wa Korintho bado liko jiwe la sakafu lenye maandishi makubwa ya Kilatini, herufi zake zilizochimbwa na kujazwa shaba, yakitangaza kwamba mtu aitwaye Erasto aliitandaza sakafu ile kwa gharama zake mwenyewe kwa ajili ya cheo alichokipata. Kila aliyepita pale alilazimika kulikanyaga jina lake. Wasemaji wa kulipwa walijaza watu, na ufasaha ulikuwa njia ya kupanda. Katika mji huo Paulo alikaa mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11), wakati Galio akiwa liwali, yaani karibu na mwaka 51. Na uamuzi alioufanya ni huu: “Naliazimu nisijue neno lo lote kwenu ila Yesu Kristo, naye amesulibiwa” (1 Wakorintho 2:2).

Wengi wanaishia hapo, na pande zote mbili zinakosea hapo hapo. Mmoja anadhani Paulo alikuwa na mada moja tu, hivyo naye anahubiri mada moja. Mwingine anasema: mnaona, Paulo aliishi enzi nyingine, sisi tuna matatizo ya kisasa. Tuusome basi waraka wenyewe, sura zote 16. Hakuna waraka katika Agano Jipya wenye shida nyingi za maisha kuliko huu. Ndani yake kuna makundi yanayogombana, kesi mahakamani, mtu anayeishi na mke wa baba yake, wanaokwenda kwa makahaba, maswali ya ndoa na useja, watumwa, nyama za sanamu, matajiri wanaokula na kulewa wakati maskini wana njaa kwenye meza ya Bwana, hata mchango wa fedha na namna ya kuuweka akiba kila siku ya kwanza ya juma.

Karibu kila tatizo Paulo analipeleka msalabani. Makundi yanagombana? “Je! Paulo alisulibiwa kwa ajili yenu?” (1:13). Yupo mzinzi ambaye kanisa linamfumbia macho? “Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani, Kristo” (5:7), basi ondoeni chachu ya kale. Kwa wanaokwenda kwa makahaba hasemi “jithamini, wewe ni wa thamani kubwa”. Anasema mlinunuliwa kwa thamani (6:20). Mwenye elimu anamdharau mwenye dhamiri dhaifu? Huyo ni ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake (8:11). Matajiri wanawaaibisha maskini mezani? Kila mwulapo mkate huu mwaitangaza mauti ya Bwana (11:26). Kwa mtumwa anasema jambo ambalo wapinzani wa maendeleo hawalisomi: ukiweza kupata uhuru, utumie nafasi hiyo (7:21). Hakumwambia mtu abaki chini kwa jina la unyenyekevu. Lakini aya mbili mbele anatoa msingi wa heshima ya yule mtumwa, awe amepata uhuru au hajapata: mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu.

Kwa hiyo swali lenyewe, msalaba au maisha, limeulizwa vibaya. Ukiwa na msalaba unaweza kuzungumzia fedha, kitanda, kazi na ugomvi wa ukoo. Ukiuacha, unaweza kuzungumzia hayo yote pia, na watu watakupigia makofi, ila hutakuwa na la kumwambia yule aliyejaribu akashindwa.

Sasa niseme hubiri linapopotelea. Mara nyingi halipotei kwenye imani ya mhubiri, linapotea pale anapovuka kutoka kwenye andiko kwenda kwa msikilizaji. Chukua 1 Samweli 17, andiko linalopendwa kuliko yote kwa kazi hii. Hubiri la kawaida linakwenda hivi: Goliathi ni tatizo lako, wewe ni Daudi, Eliabu ni ndugu anayekuvunja moyo, Sauli ni bosi anayekuambia huwezi, mawe matano ni imani, maombi, bidii, nidhamu na kujiamini. Pigana, jitu litaanguka. Tazama ubaya wake. Daudi alitumia jiwe moja tu (17:49), kwa hiyo majina ya mawe yametoka kwa mhubiri. Pili, waliolisoma andiko hili kwanza, yaani Israeli, wamo katika habari yenyewe, na hawako kwenye nafasi ya Daudi. Wao ni lile jeshi lililosimama siku 40 likitetemeka (17:16, 24) mbele ya mtu wa dhiraa sita na shibiri mwenye dirii ya shekeli 5,000 za shaba, takriban kilo 55. Mfalme wao, mrefu kuliko watu wote kuanzia mabegani, alifadhaika pamoja nao.

Aliyeshuka bondeni ni yule aliyetiwa mafuta katika sura iliyotangulia (16:13). Alipigana mmoja kwa niaba ya wote. Aliposhinda, ushindi ulihesabiwa kwao, nao ndipo wakainuka na kupiga kelele wakawafuata Wafilisti (17:52). Wao walipigana baada ya mwingine kuwashindia. Ukihubiri hivyo, huhitaji kulazimisha kitu ili ufike Kalvari: Mpakwa mafuta mmoja anaingia katika vita ambavyo watu wake wameshindwa, na “kwa njia ya mauti” anamharibu mwenye nguvu za mauti (Waebrania 2:14). Kisha unawaambia watu wainuke. Bado kuna jasho na kukimbiza adui, ila mwenye mikono dhaifu naye ana nafasi katika jeshi hilo. Katika hubiri la “wewe ni Daudi”, mtu aliyerusha jiwe na jitu likabaki limesimama hana nafasi yoyote. Anarudi nyumbani akijilaumu kwamba imani yake ndiyo haikutosha.

Aya nyingine hupotezwa kwa kukatwa. Yeremia 29:11 ni barua kwa mateka walioko Babeli. Aya iliyotangulia inawaambia watakaa huko miaka 70, maana yake wengi wa waliosikia barua ikisomwa wangezikwa ugenini. Kuiandika kwenye kalenda ya mwaka mmoja kama ahadi ya kazi mpya kabla ya Desemba ni kuwapa watu deni ambalo Mungu hakulikopa. Wafilipi 4:13, “Nayaweza mambo yote,” imeandikwa na mfungwa aliyetoka kusema amejifunza kuona njaa na kushiba. Inayoniumiza zaidi ni 2 Wakorintho 8:9, kwamba Kristo alikuwa maskini ili sisi tuwe matajiri kwa umaskini wake. Inanukuliwa kuwaahidi watu magari. Sura nzima ni ombi la mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Paulo anapotaka watu watoe fedha, anawaonyesha Kristo akijimimina. Aya iliyoandikwa ili kufungua mfuko wa mwenye nacho leo inatumika kumpa hamu ya kujaza zaidi.

Kwa mhubiri anayetaka kujipima, kuna zoezi la nusu saa. Chukua maandalizi ya hubiri lako la mwisho na kalamu mbili. Kila sentensi ambayo mtendaji wake ni Mungu au Kristo, ipigie mstari wa bluu. Kila sentensi ambayo mtendaji ni “wewe”, “sisi” au “mimi”, mstari mwekundu. Usitafute nusu kwa nusu, kwa sababu ukihubiri kutoka Waraka wa Yakobo, uliojaa maagizo, nyekundu lazima izidi. Angalia mambo mawili tu: kama bluu ipo, na kama imetangulia. Waefeso ni kielelezo kizuri. Katika sura tatu za kwanza, Paulo anatoa agizo moja tu kwa wasomaji wake: “kumbukeni” (2:11), na wanachotakiwa kukumbuka ni jinsi walivyokuwa mbali, kisha wakaletwa karibu kwa damu ya Kristo. Maagizo yanamwagika kuanzia sura ya nne: acheni uongo, mwizi asiibe tena bali afanye kazi, waume wapendeni wake zenu. Warumi nayo, agizo la kwanza kwa wasomaji linafika 6:11. Mpangilio huo una sababu. Agizo likitangulia, msikilizaji mwenye nguvu hujivuna na mnyonge hukata tamaa, na wote wawili wanatoka bila kumhitaji Mwokozi.

Angalia na saa pia. Katika hubiri la dakika 40, msalaba ukiingia dakika ya 38, mpiga kinanda akiwa ameshaanza kupiga taratibu, huo ni mwito uliobandikwa mwishoni. Hubiri lenyewe limekwisha bila huo msalaba.

Makanisa yenye kalenda ya masomo yasidhani yamepona. Kwaresima na Ijumaa Kuu zinampelekea mhubiri andiko, hazimlazimishi alihubiri. Inawezekana Isaya 53 ikasomwa na lekta kwa sauti nzuri, kisha yakafuata mafundisho ya jinsi ya kuvumilia maneno ya wafanyakazi wenzako.

Upande wetu, tunaotaka msalaba, nao una makosa yake, nami nayaona mazito. La kwanza ni kuhubiri misumari. Mhubiri anatumia nusu saa kueleza mijeledi, damu na maumivu hadi wanawake wanalia, kisha anaketi. Injili zenyewe ni bahili mno hapo. Marko anasema tu kwamba wakamsulibisha, na sentensi hiyo hiyo inageukia kugawana mavazi (15:24). Misumari inatajwa katika Injili kwenye aya moja tu, kinywani mwa Tomaso, baada ya ufufuo (Yohana 20:25). Zinachokazia ni kwa nini alikufa na kwa ajili ya nani. La pili ni kulazimisha msalaba katika kila kipande cha mti cha Agano la Kale. Fuata njia ambazo Agano Jipya limezipita: mwanakondoo wa Kutoka 12, nyoka wa Hesabu 21, Zaburi 22, Isaya 53. Pasipo na njia, sema andiko linasema nini kuhusu Mungu na mwanadamu, na msalaba utaupata hapo bila kuchonga. La tatu ni kuugeuza kuwa kinga: “damu ya Yesu” inanyunyiziwa gari jipya na duka, lakini hatusikii damu hiyo ilitusafisha dhambi gani.

Wengine wanahofu kwamba msalaba unazalisha watu wa kulia tu, wasiobadilika. Historia ya eneo letu inasema vingine. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukaenda Uganda, Bukoba, Kenya na kwingineko. Ujumbe wa Wabalokole (“waliookoka”, kama watu wa uamsho huo walivyoitwa) haukuwa na kanuni saba za mafanikio. Ulikuwa dhambi, toba na damu ya Mwanakondoo. Matunda yake yalionekana hadharani: watu walirudisha mali walizoiba, wakaungama mbele ya waliowakosea, Waafrika na wamisionari wakaombana msamaha. Kenya, wakati wa Mau Mau miaka ya 1950, ndugu wengi walikataa kula kiapo kwa sababu walishakunywa kikombe cha damu ya Kristo, na wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Wengi wao walikataa vilevile kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Hakuna semina ya kujitambua inayompa mtu uti wa mgongo wa namna hiyo.

Lakini uaminifu unadai niseme na la pili. Nchi hiyo hiyo ya Gahini ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya 1994, na watu waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia, Nyamata na Ntarama. Anayehubiri msalaba asilikwepe hilo. Jibu langu ni kwamba msalaba ulikuwa umepunguzwa. Ulihubiriwa kama msamaha wa mtu binafsi, na nusu yake nyingine ikaachwa: kwamba Kristo aliwapatanisha wawili, Wayahudi na watu wa mataifa, katika mwili mmoja “akiisha kuufisha uadui kwa huo msalaba” (Waefeso 2:16). Viongozi kadhaa wa makanisa walikuwa karibu mno na watawala kiasi cha kushindwa kuitamka aya hiyo mahali ilipohitajika. Nusu ya msalaba ni hatari, na sisi wenye ukabila wetu na siasa zetu za uchaguzi tuizingatie.

Kuhusu chimbuko la mahubiri ya kujiendeleza nitapita haraka. Mengi yana ukoo Marekani, kwa watu kama Norman Vincent Peale, mchungaji wa New York tangu 1932, na Robert Schuller wa California, aliyeandika mwaka 1982 kwamba dhambi ni tendo au wazo lolote linalomnyang'anya mtu heshima yake binafsi. Ukibadilisha ugonjwa namna hiyo, dawa nayo lazima ibadilike: anayekosa kujithamini anahitaji kusifiwa, na hakuna haja ya mtu kufa kwa ajili yake.

Pa kuyapima mahubiri yote mawili ni msibani. Nyumba imefiwa na mtoto wa miaka sita, turubai limefungwa uani, mama amekaa kwenye mkeka. Mhubiri aliyelisha watu wake mwaka mzima kwa “badilisha fikra, badilisha maisha” atasimama na kusema nini? Kwa kawaida anaazima maneno ambayo hajawahi kuwafundisha, au anageuza mahubiri ya maziko kuwa vitisho kwa walio hai. Paulo anawapa Wathesalonike sentensi moja ya kushika: ikiwa twaamini kwamba Yesu alikufa akafufuka, vivyo hivyo waliolala katika Yesu, Mungu atawaleta pamoja naye (1 Wathesalonike 4:14). Mama hawezi kujifunza kuiegemea sentensi hiyo kwa mara ya kwanza siku ya kuzika. Alipaswa kuwa ameisikia Jumapili za kawaida, akiwa na nguvu.

Sipendekezi makanisa yaache kufundisha maisha. Semina ya akiba na mikopo ifanyike Jumamosi, aitwe ofisa wa SACCOS anayejua riba inavyokokotolewa, maana wachungaji wengi hatujui. Somo la ndoa liwe na jioni zake na watu wenye ujuzi. Mimbari ya Jumapili ibaki na kazi ambayo hakuna taasisi nyingine mtaani inayoifanya.

Na vyuo vinavyotoa cheti cha uinjilisti kwa miezi michache viongeze mtihani mmoja: mwanafunzi apewe Mithali 6:6-11, habari ya mvivu na mdudu chungu, ahubiri dakika 20 mbele ya walimu. Andiko hilo ni gumu kwa sababu linajielekeza lenyewe kwenye semina ya bidii. Akimaliza kwa “amka mapema, jitume”, ahesabiwe amefika nusu ya njia. Akiweza kumtoa mvivu kwa yule chungu na kumfikisha Tito 2:14, kwa Kristo aliyejitoa nafsi yake ili apate watu “walio na juhudi katika matendo mema”, na akaeleza juhudi hiyo inatoka wapi kwa mtu ambaye hana, apewe cheti.

Mwalimu wa somo la mahubiri,
Dodoma